Nyoka wa Ghala la Mpunga na Kizimba Kinachomfaa

Je, wajua kwamba nyoka anayewekewa taa, mimea na kasha la kioo sebuleni kule Ulaya ni ndugu wa karibu wa yule anayepigwa jembe kando ya ghala la mpunga Makwale, wilayani Kyela? Wanasayansi wamemweka katika jenasi ya Boaedon, nasi tumwite nyoka wa nyumbani. Hana sumu. Hutoka usiku, humnasa panya kwa meno, humzungushia mwili na kumbana mpaka afe. Mkulima wa Kyela anayelala akisikia panya wakitafuna magunia yake anapaswa kumshukuru, lakini giza la usiku na hofu ya swila mwenye sumu humponza nyoka huyo.

Kumtambua si kazi ngumu ukitulia na tochi. Mwili ni wa kahawia, pengine mwekundu kidogo, na magamba yake laini hung'aa mwanga unapoyapiga. Kila upande wa kichwa ana mistari miwili myeupe iliyofifia: mmoja unaanzia puani na kupita juu ya jicho, mwingine unapita chini ya jicho kuelekea pembe ya mdomo. Mboni ya jicho imesimama wima. Wengi hawafiki mita moja, ingawa jike huweza kupita hapo. Hata hivyo, asiyemjua nyoka vizuri asimshike kwa kubahatisha mistari, amwache apite.

Sasa, kizimba. Nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kumkamata au kumfuga. Mwaka 2016 serikali ilisitisha pia kupeleka nje wanyamapori walio hai, biashara iliyokuwa ikiwachukua vinyonga, nyoka na kobe wetu kwa wingi. Kwa hiyo safari huanzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, halafu ndipo uende kwa fundi seremala.

Ukishapata ruhusa, mwalimu wa kwanza ni ardhi yenyewe. Makwale iko katika bonde la Kyela, karibu na usawa wa Ziwa Nyasa ambalo liko kama mita 475 juu ya bahari. Safu ya Livingstone upande mmoja na Mlima Rungwe upande mwingine huzuia mawingu, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Ingia shamba la kakao lililochanganywa na migomba, uinue majani makavu kwa kijiti kirefu. Juu ni makavu na yanavunjika. Chini yake yameloa, yameshikamana na nyuzi nyeupe za kuvu, na jongoo anajikunja. Chini zaidi udongo ni baridi. Hatua chache pembeni kuna jiwe lililochomwa na jua tangu asubuhi. Ndani ya eneo dogo namna hiyo mna hali za hewa tatu au nne, na nyoka huzizungukia zote kwa saa zake.

Hapo ndipo lilipo jambo lote. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Akishiba anahitaji joto, la sivyo chakula huoza tumboni na hukitapika. Akitaka kupumzika hutafuta ubaridi. Akikaribia kujivua gamba hutafuta unyevu. Kizimba chenye joto la namna moja kila pembe kimemnyima uamuzi, hata kama kipimajoto kinaonyesha namba nzuri. Kwa miaka mingi wafugaji wamewaweka nyoka kwenye droo za plastiki zilizotandikwa gazeti, kwa hoja kwamba nyoka hajali. Mwaka 2006, watafiti Almli na Burghardt walichapisha utafiti wa nyoka walao panya wa Amerika: waliolelewa kwenye vizimba vyenye vitu vya kupanda, kujificha na kuchunguza walizoea mazingira mapya upesi zaidi kuliko wenzao wa vizimba vitupu. Nyoka anajali.

Kwa jike aliyekomaa, kasha la urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 linamtosha kujinyoosha mwili mzima. Chini kabisa tandaza kokoto za mtoni, kimo cha vidole vitatu, ili maji yanayozidi yapate pa kukaa. Juu ya kokoto weka wavu wa plastiki wa dirishani. Usikate chandarua cha kulalia: vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo itaangamiza wadudu ambao kizimba hiki kinawategemea. Kisha mwaga udongo, sentimita kumi au zaidi: udongo mweusi wa juu, mchanga kiasi, nyuzi za michikichi zilizooza na vipande vya mkaa. Pumba za mpunga ziache, maana humwingia nyoka mdomoni anapomeza. Mwisho tandika majani ya kakao kwa unene, kama yanavyolala shambani.

Wadudu hao ambao chandarua kingewaua ndio wenye kazi ya usafi. Wako weupe wadogo mno wanaorukaruka kwenye majani yaliyooza, na wako wa kijivu wenye miguu mingi mifupi wanaopatikana chini ya magogo mabichi. Wote hula kinyesi, ngozi iliyovuliwa na ukungu, na kinachobaki hugeuka mbolea ya mimea iliyopandwa humo. Kinyesi cha nyoka kina asidi ya yuriki nyingi, ile sehemu nyeupe ngumu, na vipande vikubwa ni bora uvitoe mwenyewe, maana wafanyakazi hawa wana kikomo. Waingize kizimbani, uwape wiki kadhaa wazaliane na mimea ishike mizizi kabla nyoka hajaingia. Haraka ya kumwingiza nyoka ndiyo inayoharibu vizimba vingi vya namna hii.

Maficho yawe mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yasije yakamlazimu achague kati ya usalama na joto. Yawe ya kubana. Nyoka hutulia anapohisi kitu kimemgusa mgongoni na ubavuni. Pango kubwa linalomvutia mtu kwa macho kwake ni uwanja wa wazi. Hapa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, wana mali mkononi: mwanzi, ule ule uliojengea nyumba zao tangu zamani. Kipande kinene kilichotobolewa fundo, kikafukiwa nusu kwenye udongo, ni pango kamili.

Upande wa joto ufike nyuzi 30 hivi, wa baridi 24 au 25, na usiku joto lishuke. Makwale kwa miezi mingi taa haihitajiki kabisa. Hatari ni joto kuzidi, na kasha la kioo lililopigwa na jua huua nyoka kwa muda mfupi. Mpandishe huyo huyo Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya bahari, ambako usiku wa Juni hushuka chini ya nyuzi 10, na utahitaji kipashajoto chenye thamostati. Unyevu nao una mipaka. Tabaka la chini liwe na maji, la juu likauke, kwani nyoka anayelala kwenye tope hupata vidonda kwenye magamba ya tumbo. Hewa ikikauka mno, ngozi huvuka vipande vipande na kile kigamba chembamba kinachofunika jicho hubaki kimeng'ang'ania.

Mfuniko uwe na kitasa cha kweli. Panapopita kichwa chake, mwili wote hupita.

Wataalamu walishaona thamani ya nyoka wa pwani hii ya ziwa. Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika msafara wake wa nyanda za juu za kusini-magharibi mwaka 1930, alishuka mpaka Mwaya kukusanya wanyama watambaao, na vielelezo vyake viko Marekani. Jirani zetu wa Kenya nao wana kituo cha Bio-Ken pale Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, ambako mtu huwaona nyoka hai na kujifunza kuwatofautisha. Ningependa sana shule moja ya Kyela ipate kibali cha kizimba kimoja tu cha nyoka wa nyumbani, watoto wamwone mlinzi wa ghala akiwa mzima kabla hawajamwona chini ya jembe.

Atakayekitunza akumbuke mambo mawili ya hapa hapa. Panya wa kulishia wawe wa kufugwa, kwa sababu panya wa ghalani huenda amekula sumu, na sumu hiyo humfuata nyoka. Na majani ya kakao, ambayo huongezwa kila yanapooza, yachumwe kwenye shamba lisilopigwa dawa. Mrututu unaonyunyizwa kuzuia kuoza kwa matunda hubaki juu ya jani, nao huua wadudu wa udongoni.