Tusherehekee Noeli Bila Kuharibu Afya

Kila mwaka ifikapo Januari wodi zetu hupokea wagonjwa ambao matatizo yao yalianzia kwenye sahani ya sikukuu. Kwa hiyo mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya chakula, vinywaji na uzito wa mwili katika siku za Noeli na Mwaka Mpya. Hatusemi watu wasisherehekee. Sisi wauguzi nasi tunakula pilau. Tunachotaka ni kwamba sikukuu ipite na kutuacha wazima.

Kisa cha mama mmoja

Mama mmoja wa makamo, mwenye kisukari na shinikizo la damu, alikuwa akihudhuria kliniki yetu vizuri sana. Desemba moja alisafiri na mumewe kwenda kijijini kwa wakwe zake, akasahau vidonge nyumbani. Kila nyumba aliyoingia kusalimia alipewa sahani ya pilau na soda. "Niliona haya kukataa," alituambia baadaye, "wangesema najidai."

Alipoletwa hospitalini tarehe 29 alikuwa amekauka mwili na hajitambui vizuri. Sukari ilikuwa imepanda hata kipimo kikashindwa kuisoma. Mwaka Mpya aliupokea akiwa na dripu mkononi. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini tujiulize: ni nani aliyemwumiza mama huyu? Hakuwa adui. Walikuwa watu wanaompenda, waliomkaribisha kwa moyo mweupe.

Je, kunenepa ni dalili ya afya?

Wengi wetu tumezoea kumsifu mtu kwamba amenenepa, yaani mambo yake ni mazuri. Tena tangu UKIMWI ulipoingia, wengine waliogopa kukonda wasije wakanyooshewa vidole. Lakini mafuta yaliyozidi mwilini, hasa ya tumboni, huongeza hatari ya kupata shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Kujipima si kazi ngumu. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa urefu huohuo, kisha gawanya uzito wako kwa jibu ulilopata. Kwa mfano, mtu mzima mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ni unene wa hatari. Hesabu hii si ya watoto wala mama wajawazito.

Uzito wa sikukuu hutoka wapi?

Mlo mmoja wa Noeli haumnenepeshi mtu. Kinachonenepesha ni zile wiki mbili tatu: kiporo cha asubuhi, ubatizo huku, harusi kule, na kukaa kitini kutwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuata watu wazima 195. Katika wiki za sikukuu za mwisho wa mwaka waliongezeka kwa wastani wa chini ya nusu kilo. Ni kidogo, lakini kwa wastani uzito huo haukuondoka baada ya sikukuu. Basi, hesabu mwenyewe Noeli 20.

Tufanye nini?

1. Tugawe sahani. Nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe nyama, samaki au maharage, na robo iwe wanga. Pilau, chapati, ndizi na viazi vyote ni wanga. Chagua kimoja.

2. Tupime mafuta kwa kijiko, tusimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Nyama ya mafuta ipunguzwe mafuta kabla ya kupikwa.

3. Tupunguze soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Hakuna mama atakayemtilia mtoto wake vijiko 9 katika kikombe cha chai. Maji safi yawepo mezani, na maembe na mananasi ya msimu huu yaliwe yenyewe badala ya kukamuliwa na kutiwa sukari.

4. Tuangalie chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika viungo vya pakiti na ile ya kuchovyea nyama choma.

5. Tupunguze pombe. Chupa ya bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na anayekunywa nne amekunywa mlo mzima juu ya mlo aliokwisha kula.

6. Tutembee. Twende kanisani na kusalimia ndugu kwa miguu, angalau nusu saa kila siku.

Kwa wenye kisukari na shinikizo la damu

Weka dawa za siku zote za safari, na za ziada kidogo, katika mkoba unaoushika mkononi. Usiache dawa kwa sababu ni sikukuu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asinywe pombe tumbo likiwa tupu, kwa maana sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mtu huyo hutetemeka, hutokwa jasho, huongea ovyo, na ndugu hudhani amelewa wakamwacha alale. Hiyo ni hatari kubwa! Kama anaweza kumeza, mpeni maji yenye sukari upesi, kisha mpelekeni hospitali. Kama hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

Tahadhari: mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mgonjwa aliyekonda wasijinyime chakula. Maneno ya kupunguza uzito hayawahusu wao.

Neno kwa mwenye nyumba

Kwetu mgeni kukataa chakula ni aibu. Kwa hiyo tusimwachie mgonjwa peke yake vita hii. Mwenye nyumba, mwulize mgeni kabla ya kumpakulia, au mwache ajipakulie. Akisema "imetosha, mama," usiongeze kijiko kingine. Weka na maji pale penye soda. Nawe mgeni, sema mapema bila haya: "Shemeji, mimi nina sukari, nipunguzie wali, niongezee mboga." Yule mama wetu sasa husema hivyo, na mwaka uliofuata alirudi kliniki Januari kwa miguu yake mwenyewe.

Jipimeni uzito kabla ya Noeli, na tena baada ya Epifania. Zahanati iliyo karibu nanyi ina mizani. Tunawatakia nyote Noeli njema na Mwaka Mpya wenye afya.