Njia Tegemezi Hutegemea Wapi?

Miongoni mwa maandishi yanayowasumbua wafasiri siku hizi ni maelekezo ya programu za kutengeneza diski pepe. Diski pepe si kitu cha kushikika. Ni faili moja kubwa ambayo mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, huiona kana kwamba ni diski kamili. Faili hiyo tunaiita taswira ya diski. (Wapo waliofasiri “picha ya diski”, na msomaji akatazamia kuonyeshwa mchoro.)

Programu ya qemu-img, ambayo ni sehemu ya QEMU iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huweza kupanga taswira mbili moja juu ya nyingine. Ya chini, tuiite taswira msingi, haiandikwi chochote. Ya juu huhifadhi yale tu yaliyobadilika, na mengine yote husomwa kutoka chini. Mwalimu mwenye wanafunzi 30 aweza kuwa na taswira msingi moja na taswira ndogo 30 juu yake, akaokoa nafasi nyingi. Lakini taswira ya juu isipoupata msingi wake haifunguki. Na ikipewa msingi usio wake, yaliyomo huvurugika.

Hapo ndipo linapozuka suala la njia ya faili. Njia kamili huanzia kwenye mzizi wa saraka zote, nayo humaanisha mahali pale pale popote inaposomwa. Njia tegemezi huanzia kati. Istilahi hii naipenda kwa sababu walimu wanaijua sifa hiyo kutoka katika sarufi: kama vile kishazi tegemezi kisivyoweza kusimama peke yake, ndivyo njia tegemezi isivyo na maana mpaka tujue inaanzia wapi.

Tuchukue mfano. Mtumiaji yumo katika saraka ya /kazi, yenye saraka mbili ndani yake: misingi na mashine. Anaandika amri hii:

qemu-img create -f qcow2 -b misingi/asili.qcow2 -F qcow2 mashine/darasa.qcow2

Njia ya mwisho, ya taswira mpya, husomwa kuanzia /kazi, kama ambavyo kila mtu angetazamia. Njia inayofuata -b haisomwi hivyo. Huanzia katika saraka itakamowekwa taswira mpya, kwa hiyo programu itaitafuta /kazi/mashine/misingi/asili.qcow2, ambayo haipo, na amri itashindwa. Ilipasa kuandikwa ../misingi/asili.qcow2. Amri moja, njia mbili, vianzio viwili!

Sababu yake si ukaidi wa watengenezaji. Jina la taswira msingi huandikwa kama lilivyo ndani ya taswira mpya yenyewe, mahali palipotengewa baiti zisizozidi 1023, na husomwa upya kila taswira hiyo inapofunguliwa. Kesho mtumiaji aweza kuwa katika saraka nyingine kabisa. Taswira haina kumbukumbu ya mahali alipokuwa siku ile. Tena utaratibu huu una faida: saraka nzima ya /kazi ikihamishiwa diski nyingine, uhusiano wa taswira hizo mbili haukatiki, ilhali njia kamili ingekatika.

Sasa turudi kwenye lugha. Katika rasimu moja niliyopewa kuihakiki, kanuni hii ilifasiriwa hivi: “Njia ikiwa tegemezi, taswira msingi hutafutwa katika saraka yake.” Saraka ya nini? Kwa kawaida ngeli za Kiswahili hutuokoa katika utata wa namna hii, kwani kiambishi huonyesha nomino inayorejelewa. Hapa haziokoi. Taswira, faili, diski, saraka, njia, programu, amri: zote zimo katika ngeli ya I-ZI, na “yake” yaweza kurejelea yoyote kati yake. Mfasiri alipoambiwa arekebishe, aliandika “saraka ya faili”, na faili zilizotajwa zilikuwa mbili. Alipoambiwa tena akaandika “hapo ulipo”, na sasa sentensi ilikuwa wazi kabisa, lakini ya uongo.

Uongo huo si mdogo. Amri ya qemu-img rebase, inayobadilisha taswira msingi, hufuata kanuni ile ile ya njia. Ikiongezewa -u, hubadilisha jina lililoandikwa tu, bila kukagua yaliyomo katika msingi mpya. Hutumiwa hasa msingi unapokuwa umehamishwa au umepewa jina jingine. Mtu aliyeelekezwa vibaya aweza kuandika njia isiyofaa, amri ikapita kimya, na asijue mpaka mashine ikatae kuwaka. Na kama kwa bahati mbaya katika saraka nyingine kuna faili yenye jina lile lile, mashine itasoma msingi usio wake.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika maelekezo ya aina hii kimilikishi kiachwe, kitenzi kiwe “kuanzia” badala ya “katika”, na taswira itajwe kwa sifa yake kila mara, hata kama sentensi itakuwa ndefu: “Njia ya taswira msingi ikiwa tegemezi, husomwa kuanzia saraka iliyo na taswira ya juu, wala si kuanzia saraka aliyomo mtumiaji anapotoa amri.”