Sura ya Saba: Siku za Ofu za Rubani

Ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro huiacha milima ya Usambara upande wa kulia. Siku isiyo na mawingu, abiria wa dirishani huiona ikipanda ghafla kutoka tambarare za Korogwe na Mombo. Huko juu, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, ndiko Magamba: msitu wa hifadhi, mashamba ya viazi na kabichi, na baridi ya kuvaa sweta mchana kweupe. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ilifungua chuo hapo, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini. Kilipewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na sifa yake kubwa ikawa kuandaa walimu wa elimu maalumu.

Kwa mkazi wa Magamba hiyo ilikuwa neema, maana chuo kilipanda mlima kumfuata. Hata hivyo chuo cha bweni, hata kikiwa mlangoni pako, kinataka uwe umekaa darasani Jumatatu saa mbili asubuhi. Sasa tuseme yupo kijana wa Magamba aliye rubani (namtunga mimi, asitafutwe). Kutoka kwao hadi chuoni ni mwendo wa mguu, lakini asingeweza kusoma pale. Jumatatu saa mbili yuko Mwanza, au Bukoba, au amelala Dar kwa sababu alitua usiku wa manane. Walimu na wauguzi tuliowaona katika sura zilizopita wanabanwa na mwajiri. Rubani anabanwa na mwajiri na sheria kwa pamoja, na ndiyo maana kazi yake inaipima elimu masafa kuliko kazi nyingine yoyote ninayoifahamu.

Wengi hudhani rubani ana muda tele. Wakisikia kwamba sheria za Ulaya zinamkataza kuruka zaidi ya saa 900 kwa mwaka wa kalenda, na za Marekani zinamwekea kikomo cha saa 1,000, wanapiga hesabu haraka haraka: karani wa ofisini anafanya kazi karibu saa 2,000, basi rubani anafanya nusu. Hesabu hiyo inadanganya. Saa zinazohesabiwa ni za tangu ndege inapoanza kutembea maegeshoni hadi inaposimama tena. Chukua siku moja ya kawaida. Anaripoti uwanjani Dar saa kumi na moja alfajiri. Anasoma hali ya hewa, anaangalia matangazo ya viwanja anavyokwenda, anakubaliana na mwenzake kuhusu mafuta na uzito. Saa kumi na mbili wanaondoka kwenda Mwanza, safari ya kama saa moja na nusu. Wanashusha, wanapakia, wanarudi. Kisha Dodoma na kurudi. Saa nane mchana anafunga kazi. Kwenye daftari lake la safari ameandika saa tano. Kazini amekaa saa tisa, na kitandani alitoka saa tisa usiku.

Hapo bado hatujaweka siku za kusubiri, ambazo anakaa na begi tayari asijue kama ataitwa. Bado kuna mtihani wa kwenye mashine ya kuigiza ndege, mara mbili kila mwaka, ambao una usomaji wake. Bado kuna kipimo cha afya. Na ratiba ya zamu hutoka mwezi kwa mwezi, kwa hiyo akiulizwa leo kama ataweza kuhudhuria somo Alhamisi ya wiki ya saba, jibu la kweli ni kwamba hajui.

Washauri wengi wa masomo hupotea hapa. Wanamwambia: ukilala Mumbai una siku nzima hotelini, fungua kompyuta usome. Lakini pumziko la rubani ni sehemu ya kazi yake kama lilivyo tangi la mafuta. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Ilikuwa Q400, aina ileile ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia kwenye safari za ndani tangu 2016. Kosa lililoiangusha lilikuwa la nahodha, aliyevuta usukani pale alipopaswa kuusukuma, lakini wachunguzi waliona pia kwamba marubani wote wawili walikuwa wamechoka. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Ajali hiyo ilizaa kanuni mpya za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014: pumziko lisipungue saa 10, na ndani yake iwepo nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Mwaka mmoja baada ya Buffalo, Mei 2010, ndege ya Air India Express ilipita mwisho wa njia ya kutua huko Mangalore na watu 158 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nahodha alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari na aliamka akili ikiwa bado nzito.

Kwa hiyo mimi nasema wazi, na najua wapo watakaobisha: saa za pumziko kati ya safari na safari zisiguswe. Ni mali ya abiria wa kesho. Msomi wa urubani asome siku zake za ofu, siku za kusubiri nyumbani, na likizo. Basi.

Tupige hesabu tena, safari hii kwa masharti hayo. Kanuni za Ulaya zinadai mfanyakazi wa ndege apate siku za mapumziko zisizopungua 7 kwa mwezi na 96 kwa mwaka. Zichukue hizo 96. Nusu yake itakwenda kwa watu. Asiyejua hilo hajawahi kurudi Magamba akiwa na kazi ya mshahara mzuri: msiba wa jirani, kikao cha harusi ya binamu, mjomba anayetaka ushauri wa kesi ya shamba, mama anayeuliza, "Mwanangu, umekuja kutuona au umekuja kuiona hiyo kompyuta?" Zinabaki siku 48. Akisoma saa sita kila siku, bidii kubwa hiyo, anapata saa 288 kwa mwaka. Shahada ya kwanza kwa vipimo vya Tanzania ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Jumla saa 3,600. Gawanya: miaka kumi na miwili na nusu.

Tarakimu hiyo haikusudiwi kumkatisha mtu tamaa. Inaonyesha tu kitu cha kuangalia unapochagua chuo. Akiongeza siku za kusubiri na sehemu ya likizo, muda unaweza kupungua hadi nusu, yaani miaka sita au saba. Basi chuo kinachodai umalize kwa miaka mitatu au minne hakimfai, hata kiwe na jina kubwa namna gani, na kinachomruhusu kusimama muhula mmoja na kurudi bila kuanza upya kinamfaa. Na kama tayari ana shahada ya kwanza, ya uzamili ni nusu ya mzigo huo au pungufu yake.

Tanzania ina chuo kilichojengwa juu ya wazo hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga kuchunguza kama nchi inaweza kuwa na chuo kikuu cha watu wasioweza kuacha kazi. Wakati huo wengi walijua elimu ya namna hiyo kwa sura ya bahasha: masomo kwa posta ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Bunge likapitisha sheria namba 17 ya 1992, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Wanafunzi wa kwanza walipokelewa 1994. Walikuwa walimu, askari, makarani, watu waliosomea kwenye vitabu vya kuchapwa na kukutana na mhadhiri kwa siku chache tu. Baadaye masomo yakahamia mtandaoni, ila kitu kimoja hakikuhama: vituo vya mikoa, ambako mwanafunzi anahudumiwa na kufanyia mitihani. Wa Lushoto kituo chake kiko Tanga.

Ndiyo maana anayetafuta shahada ya mtandaoni aulize maswali mawili kabla ya kuuliza ada. La kwanza: mihadhara ni ya moja kwa moja, au imerekodiwa? Chuo kinachokutaka uonekane kwenye skrini kila Jumatano saa moja jioni ni chuo cha bweni kilichovaa kanzu ya mtandao. La pili: mtihani unafanyika wapi, na tarehe zinajulikana mapema kiasi gani? Vyuo vilivyozoea marubani vimejipanga kwa hili. Embry-Riddle ya Marekani ilianza kuwafuata wanafunzi nje ya kampasi yake mwaka 1970, ikifundisha marubani wa jeshi huko Fort Rucker, na leo tawi lake la masafa hutoa hata krediti kwa leseni za urubani za Marekani. City ya London ina shahada za uzamili za usafiri wa anga zinazofundishwa kwa vipindi vya siku chache mfululizo, na imezifundisha Dubai pia, jambo linalowafaa Waafrika Mashariki waliopata kazi Ghuba.

Lakini shahada yenyewe ya nini? Leseni haiidai. Leseni ya juu kabisa ya urubani inataka saa 1,500 za kuruka, mitihani ya nadharia na cheti cha afya, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haitamuuliza nahodha kama aliwahi kuvaa joho. Hata Marekani, ambako mashirika makubwa yalishikilia sharti la shahada kwa miaka mingi, Delta ililiondoa Januari 2022. Kule pia mhitimu wa chuo cha urubani kilichoidhinishwa anaruhusiwa kuingia kwenye ndege za abiria akiwa na saa 1,000, ila punguzo hilo ni la aliyejifunza kuruka chuoni hapohapo. Shahada ya mtandaoni haimpi mtu punguzo hilo.

Sababu ya kusoma iko kwenye kile cheti cha afya. Rubani wa ndege za abiria hupimwa walau kila mwaka, na akifika miaka 60 ni kila miezi sita. Moyo ukidunda vibaya, jicho likififia, kisukari kikihitaji sindano, anaweza kuamka rubani na kulala bila kazi. Akinusurika na yote, umri unamngoja: tangu Novemba 2006 kikomo cha kimataifa ni miaka 65. Halafu ikaja 2020, ndege zikaegeshwa dunia nzima. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumpeleka kila rubani kwenye usimamizi wa usafiri wa anga. Mwaka ule meneja wa shirika la ndege alikaa nyumbani pamoja na rubani. Anayesoma kwa ajili ya siku mbaya heri asome sheria, uhasibu, ualimu, chochote kisichoegeshwa pamoja na ndege.

Kuhusu mtandao sina mengi. Nyaya za chini ya bahari zilifika Dar kwa SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na tangu hapo anayesomea Magamba anaweza kuunga bando na kupakua mhadhara. Apakue mapema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika siku moja na sehemu kubwa ya Tanzania ikakosa intaneti. Aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha jioni ile hakuwa na pa kuipitishia.

Akichagua chuo cha nje, aanzie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, maana ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za kigeni, na ni rahisi kuiuliza kabla ya kulipa ada kuliko baada ya kupata cheti. Akichagua Huria, aombe siku za mtihani kabla ratiba ya zamu haijatoka. Ikishatoka atabaki kubembeleza wenzake wabadilishane naye. Kutoka Magamba kwenda Tanga ni kushuka kona za Soni hadi Mombo na kupanda basi jingine, asubuhi nzima, kwa hiyo alale Tanga usiku wa kuamkia mtihani. Na siku ya kurudi kazini aihesabu kuanzia atakapokuwa amelala akashiba, hata kama basi litamfikisha Dar jana yake.