Nusu ya Injini ya Jeti Iko Kwenye Lori

Lori likifika gereji ya Kahama au Katoro linakula oili na kutoa moshi wa bluu, turbo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Fundi huifungua, akashika shafti kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Ncha za feni zikiwa zimelika, tayari zimesaga ukuta.

Alichoshika ni karibu nusu ya injini ya jeti. Moshi wa eksozi huzungusha feni moja, na shafti ileile huzungusha ya pili inayoshindilia hewa. Weka chemba ya kuchomea mafuta katikati, toa pistoni zote, na jeti imepatikana. Injini ambayo Frank Whittle aliiwasha Uingereza Aprili 1937 ilishindilia hewa kwa feni ya namna hiyohiyo.

Wanaounda ndege za modeli waliliona hilo. Mjerumani Kurt Schreckling alianza na feni ya mbao iliyozungushiwa nyuzi za kaboni. Mwenzake Thomas Kamps akachukua feni ya turbo ya gari, na injini ya modeli iitwayo KJ-66 nayo hutumia feni ya namna hiyo. Hiyo 66 ni kipenyo cha feni kwa milimita. Injini nzima haifiki kilo moja, lakini husukuma kwa nguvu ya kilo 7 hivi.

Kazi ngumu ni kusawazisha. Kwa mizunguko 117,000 kwa dakika, ukingo wa feni hiyo hukimbia mita 400 kwa sekunde, kasi inayoipita sauti. Miligramu moja tu iliyozidi ukingoni, uzito wa chembe ya mchanga, huvuta shafti kwa nguvu ya karibu nusu kilo, mara 1,950 kila sekunde. Ndiyo maana fundi husugua chuma kidogokidogo, akapima tena na tena.

Mafuta ya injini hiyo ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, kwa kuwa beringi hulainishwa na mafuta hayohayo. Yakichakachuliwa, beringi ndizo zinazoumia.

Kwa injini kama hiyo, Geita na Shinyanga, mikoa ya gereji hizo za Katoro na Kahama, zina ugumu wao. Kwenye mita 1,100 hadi 1,300 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam, na msukumo hupungua vivyo hivyo. Vumbi jekundu la kiangazi ni baya zaidi. Lori lina chujio. Modeli mara nyingi ina wavu tu, unaozuia majani na kokoto lakini si vumbi. Kurushia kwenye lami kunapunguza madhara.

Kuzima nako kuna utaratibu. Dereva makini huacha lori kwenye silensa kwanza, oili isiungulie ndani ya turbo. Modeli nyingi hufanya hivyo zenyewe: mafuta yakikatwa, mota ya stata huendelea kuzungusha shafti, ikivuta hewa baridi hadi joto lishuke.