Kompyuta ya Zamani, Kaseti za Akogo

Wenye vibanda vya kuweka nyimbo kwenye simu, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, huuliza swali moja: je, kompyuta ya mezani ya mtumba, Pentium 4 yenye Windows XP, inaweza kubana kaseti za wazee ziingie kwenye memori kadi? Inaweza, tena bila programu ya kununua. Nyimbo nyingi huharibika kwa sababu hatua zimepangwa vibaya. Umri wa mashine hauna lawama.

Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, chaneli mbili. Hiyo ni kama megabaiti 10.6 kwa dakika. Kaseti ya dakika 60 ikirekodiwa hivyo kama WAV hula zaidi ya megabaiti 600, na diski kuu ya gigabaiti 40 hujaa mapema. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hushusha dakika moja hadi megabaiti 1 hivi, kwa kutupa sauti ambazo sikio halizisikii kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi.

Hapo ndipo akogo inapokuwa mtihani. Ala hii ya Wateso, wa Amukura na Malaba kwa upande mmoja wa mpaka na wa Tororo kwa upande wa pili, ina ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kila mpigo huanza ghafla. MP3 hukata sauti katika vipande vya sampuli 576, yaani milisekunde 13 hivi, na uchafu wa kubana husambaa kipande kizima, hata kabla ulimi haujaguswa. Msikilizaji husikia mchakacho mdogo ukitangulia noti, na mpigo unapoteza ncha yake. Programu nzuri huutambua mpigo na kuhamia vipande vifupi vya sampuli 192. Programu mbovu haijali.

Ndiyo maana napendekeza LAME. Mike Cheng aliianzisha mwaka 1998, ikaendelezwa na watu wa kujitolea, na toleo la 3.100 lilitoka mwaka 2017. Ni programu ndogo mno, haina madirisha wala mapambo. Pentium 4 hubana nayo wimbo kwa muda mfupi kuliko urefu wa wimbo wenyewe. Tafuta toleo la biti 32, kisha uandike amri hii:

lame -V 2 wimbo.wav wimbo.mp3

Alama ya V 2 huiachia programu uamuzi: sehemu tulivu hupewa biti chache, pale akogo inapochachamaa hupewa nyingi. Wastani ni kama kilobiti 190. Anayetaka kubofya badala ya kuandika atumie Audacity ya familia ya 2.0, iliyotoka mwaka 2012 na inayokubali XP. Wakati huo hataza za MP3 zilikuwa bado hai, kwa hiyo LAME haikuwekwa ndani yake. Faili la lame_enc.dll huongezwa pembeni. Mpango wa leseni za hataza hizo ulifungwa Aprili 2017.

Sasa mpangilio wa kazi, na hapa nasisitiza. Rekodi kaseti kama WAV kwanza. Kisha ibane kwa FLAC, ambayo haitupi chochote na kwa kawaida hupunguza faili hadi karibu nusu. Hiyo ndiyo nakala ya kuweka. MP3 ya mteja itoke kwenye FLAC kila mara, kamwe isitoke kwenye MP3 nyingine, kwa maana kila kubana upya huongeza uchafu juu ya uchafu. Ogg Vorbis na Opus ni huru na kwa biti chache huishinda MP3, lakini simu nyingi za vitufe, ziitwazo kabambe, hazizisomi.

Hotuba za mazishi na mahubiri hazihitaji yote hayo: chaneli moja, kilobiti 64, inatosha.

Umeme ukikatika katikati ya kubana, MP3 iliyokwisha kuandikwa bado itacheza, ingawa simu inaweza kuonyesha urefu usio sahihi. WAV iliyokuwa ikirekodiwa huenda isifunguke kabisa. Kwa hiyo rekodi upande mmoja wa kaseti kwa wakati, uhifadhi, ndipo uigeuze.

Microsoft iliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014. Usiiunganishe na intaneti. Pakua programu kwenye mashine nyingine, zilete kwa flashi iliyokaguliwa virusi. Mwisho, itunze ile nakala ya FLAC. Rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann nchini Uganda tangu 1949 zina maktaba zinazozitunza. Kaseti ya akogo iliyorekodiwa kwenye harusi ya Tororo haina maktaba, na utepe wake unachakaa. Kabla ya kufuta FLAC ili kupata nafasi ya filamu, ninamsihi mwenye kibanda aichome kwenye DVD mbili, moja ibaki kwa mwenye kaseti.