Funga silabusi, papa

Watu wa Rumangabo waliokatiza masomo mwaka 2012, waasi wa M23 walipoiteka kambi ya jeshi pale jirani na makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, leo wana watoto shuleni. Mmoja wao akijiandikisha katika chuo kikuu cha Goma, wenzake darasani watamwita papa au mama. Naye moyoni atajiuliza: kichwa bado kitashika?

Kitashika, ila si kwa mwendo wa zamani. Mwaka 2015, Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha matokeo ya majaribio ya akili ya watu zaidi ya 48,000. Wepesi wa ubongo ulifika kileleni karibu na miaka 18 au 19, lakini msamiati uliendelea kukua hadi baada ya miaka 60. Ndiyo maana asistanti, yaani mwalimu msaidizi, akisoma haraka, kijana anaandika yote na papa anaachwa nyuma. Lakini somo likifika kwenye mmomonyoko wa udongo, papa aliyelima maharage mteremkoni ana mahali pa kulishikiza. Kijana anaanza na neno tupu.

Tatizo kubwa liko kwenye namna ya kusoma. Wengi hununua silabusi, yaani maelezo ya somo yaliyochapwa, na kuirudia mpaka kurasa zichakae. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliorudia walibaki na 42, waliojipima 56.

Kurudia ukurasa huleta mazoea, na mazoea hujifanya ujuzi. Kulitafuta jibu kichwani ndiko kunakoimarisha njia ya kulifikia tena. Wanafunzi wale walikuwa vijana, lakini mwaka 2013 Ashley Meyer na Jessica Logan waliona faida hiyohiyo kwa watu wa miaka 55 hadi 65.

Hapa mtu mzima ana nafasi ambayo hata yeye haioni. Muda wa kukaa na karatasi hana: kuna shamba, kuna wageni, kuna giza umeme ukikatika. Kujiuliza hakuhitaji taa. Anaweza kujieleza sura ya tatu huku akipalilia, au nyuma ya pikipiki akielekea mjini.

Mwanga ukipatikana, afungue silabusi akague alipokosea na kusahihisha palepale. Alichokumbuka sawasawa hana haja ya kukisoma upya, ila ajiulize tena wiki ijayo, na wiki inayofuata, hata kama anaona amekwisha kukijua.