Filipo Apandaye Garini: Kutumia Vitabu vya Ufafanuzi wa Maandiko

Masomo: Neh 8:1-8; Mdo 8:26-40; Mt 13:1-23



Katika Matendo ya Mitume twakutana na mtu mkubwa wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia wake, akirudi nyumbani kutoka Yerusalemu. Ameketi garini, anasoma chuo cha nabii Isaya. Filipo amwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Yule Mwafrika haoni haya kukiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Amkaribisha Filipo apande, aketi pamoja naye.

Ndugu zangu, kitabu cha ufafanuzi wa Maandiko ni huyo Filipo. Leo napenda kusema hasa na makatekista wa Kilimarondo, huko Nachingwea, na wa mahali pengine palipo mbali na maduka ya vitabu. Kila Dominika ambayo padre hafiki kigangoni, ninyi ndio mnaosimama mbele ya taifa la Mungu. Mkikosea, kosa hilo halibaki kanisani. Lafuatana na akina mama na watoto hadi nyumbani.

Tuchukue mfano wa mpanzi. Mkulima wa mahindi huchimba shimo kwa jembe, hutia punje mbili tatu, kisha hufukia. Akisikia kwamba mbegu za mpanzi wa Injili zilianguka njiani, penye mawe na penye miiba, atasema moyoni: "Huyu ni mkulima mzembe." Na katekista asiyechunguza aweza kuhubiri nusu saa nzima juu ya uzembe shambani, akidhani amehubiri Injili.

Vitabu vya ufafanuzi vyatueleza kwamba huko Palestina ngano na shayiri zilipandwa kwa kutawanywa kwa mkono. Njia za miguu zilikatisha mashamba, na mahali pengi udongo ulikuwa haba juu ya mwamba. Mtaalamu Mjerumani, Joachim Jeremias, aliona kwamba mkulima alitawanya mbegu kwanza, ndipo akalima ili kuzifunika. Wengine walimpinga, wakikumbusha kwamba Isaya 28:24-25 yataja kulima kabla ya kupanda. Hapo twajifunza mambo mawili. Kwanza, mpanzi yule hakuwa mzembe. Pili, wafafanuzi nao ni wanadamu, hubishana. Maneno yao hayawezi kuwekwa sawa na Neno lenyewe. Tena Yesu mwenyewe aliufafanua mfano huo kwa wanafunzi wake. Ufafanuzi unaopingana na ule wake, tuuache.

Desturi hii si ngeni katika Kanisa. Ezra alipoisoma Torati, Walawi waliwaeleza watu maana yake. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliifafanua Injili ya Yohane kwa mahubiri mbele ya waumini wake. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, watufundisha kutafuta alichokusudia mwandishi mtakatifu, tukizingatia namna za uandishi za wakati wake.

Basi tufanyeje? Kwanza sali, kisha soma Injili yenyewe mara tatu kabla ya kufungua kitabu kingine chochote. Pili, andika maswali yako, na yale ambayo waumini wako wangeuliza. Tatu, ndipo ufungue ufafanuzi, ukianza na utangulizi na maelezo yaliyo chini ya kurasa za Biblia yako. Na utazame kama kitabu kina kibali cha askofu. Nne, ikiwa kitabu ni kimoja tu parokiani, kutaneni kabla ya Dominika: mmoja asome, wengine waulize. Tano, kifunge. Waumini hawakuja kusikia majina ya wataalamu.

Nachingwea yaukumbuka Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947. Mitambo ilikuja, wataalamu walikuja kutoka ng'ambo, lakini ardhi na mvua za nchi hii hazikujulikana vema, na mwaka 1951 Waingereza wakauacha. Vivyo hivyo kitabu kilichoandikwa ng'ambo, hata kiwe na elimu nyingi, hakiujui udongo wa kigango chako. Wewe waujua. Wajua ni nani anayelemewa na deni, na ni majirani gani hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa mikorosho. Huko ndiko mbegu ya Neno inakopaswa kuangukia.

Filipo alipokwisha kumbatiza yule Mwethiopia, Roho wa Bwana alimwondoa, asionekane tena. Hata hivyo msafiri yule hakuhuzunika. Aliendelea na njia yake akifurahi, kwa kuwa alikuwa amempata Kristo. Mfafanuzi mwema hupanda garini, hueleza, kisha hushuka. Nasi tunaohubiri tujifunze kushuka, ili watu wabaki na Bwana.

Mungu awabariki. Amina.